Nira Niliyomchongea Salim

Baba yangu alikuwa na maksai mmoja mwekundu tukimwita Ndune, na huyo Ndune alikuwa na kidonda shingoni ambacho hakikupona, kwa sababu kila kilipoanza kufunga ngozi mpya mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha huko kwetu Ukambani hakuna kungojana, mnafunga nira mnalima, mkichelewa mtakula vumbi. Basi Ndune akifungwa, analala chini. Akipigwa, analala zaidi. Majirani walikuwa wanamwambia baba, "Muuze huyo, ni mvivu," na kaka zangu walivunja fimbo juu yake, lakini baba (mtu mkimya sana, siku nzima maneno yake hayajazi kikombe) jioni moja aliketi kando ya yule ng'ombe akaanza kumpapasa shingo kwa vidole, polepole, kama mtu aliyeangusha sindano kwenye majani, halafu akachukua nira akaipapasa vilevile, halafu akarudi tena kwenye shingo. Akaleta tezo. Akaichonga nira kwa ndani, hapa anatoa, hapa anaacha, mpaka ule mti ukakaa juu ya shingo kama kuku anavyokaa juu ya mayai. Asubuhi Ndune alisimama akalima. Baba akaniambia maneno ambayo nadhani ndiyo mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia kwa mara moja: "Ng'ombe hakuwa mvivu. Mti ndio ulikuwa mjinga."

Najua mtaniuliza, mzee, ulisema utatueleza ile aibu iliyokutoa Mbotela, mbona unatuletea ng'ombe? Ngojeni, ng'ombe ataingia. Mimi shule niliiacha kabla haijanizoea, kwa hiyo hadithi yangu haipiti kwenye lami, inakata mashambani. Lakini aibu nakiri mapema, sifichi. Mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, na nikiwa peke yangu njiani huwa natoa sauti, "Aaai!", kama mtu aliyeumwa na siafu, halafu watu wakigeuka najifanya nakohoa.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Nilikuwa nakaa mtaa wa Mbotela, Nairobi, chumba kimoja, na mke wangu Mwikali alikuwa nyumbani na watoto akiangalia shamba, kama wake wa wanaume wengi wa siku zile, maana Nairobi tulikuja kutafuta, kuishi tuliacha kwetu. Mchana sikuwa na shida. Nilikuwa mchongaji, nachonga twiga na vifaru kwenye banda moja upande wa Shauri Moyo, na mkono ukiwa na kazi moyo hauulizi maswali (nilikuwa hata naongea na wale twiga, nawauliza habari za Mwikali, na wenzangu bandani walizoea, hawakucheka tena). Shida ilikuwa jioni. Ukuta wa chumba changu ulikuwa mwembamba, na upande wa pili kulikuwa na familia ya karani mmoja, na kila jioni nasikia sahani, nasikia watoto wanagombania nyama, halafu mama yao anauliza, "Nani hajashiba?" Na mimi huku nimeshika kijiko changu najibu kimoyomoyo, mimi, mama. Mimi sijashiba. Na ugali ninao mbele yangu, mwingi.

Ndiyo nikaanza kwenda nyuma ya ukumbi wa mtaa, mahali vijana na wazee wenye nguvu walikuwa wananyanyua vyuma. Msifikiri ni vyuma vya duka. Lilikuwa ni bomba la maji, na kila upande limechomekwa kwenye debe la mafuta ya kupikia lililojazwa simiti, ikakauka, basi hicho ndicho chuma. Aliyevitengeneza alikuwa dereva wa lori aliyeitwa Ochieng', lakini hakuna aliyemwita hivyo, tulimwita Simiti, na yeye ndiye alikuwa mkubwa wa uwanja, mdomo wake mkubwa kuliko kifua chake, na kifua kilikuwa kama mlango.

Mimi sikunyanyua kitu. Nilikuwa mwembamba kama mpini. Nilikaa kwenye jiwe nikitazama, na siku moja Simiti alinitupia shati lake akasema, "Mkamba, nishikie hii, na ukisikia njaa usikule vifungo!" Wakacheka, na mwingine akanipa la kwake, na mwingine saa yake, na toka siku hiyo nikawa na kazi. Nilikuwa mshika mashati. Mnaweza kucheka, lakini mimi nilifurahi sana. Nilikuwa nayakunja vizuri, vifungo juu, nayapanga mapajani, na mtu akimaliza anakuja kwangu, ananiangalia usoni, ananiambia, "Asante, fundi." Kuna siku hayo ndiyo maneno pekee niliyoambiwa na binadamu toka asubuhi.

Katika hao wote mmoja alikuwa hachukui shati lake na kuondoka. Huyo ni Salim. Alikuwa na duka dogo hapo hapo Mbotela, baba yake mtu wa Mombasa, mama yake sijui wa wapi (mwenyewe alisema, "Mimi ni pilau, fundi, usinichambue mchele"), mtu mpole, mnene kidogo, mwenye meno yaliyoachana. Akimaliza kunyanyua alikuwa anaketi nami kwenye lile jiwe, anafuta jasho, ananiambia, "Haya fundi, twiga wa leo asemaje?" Na alikuwa anangoja jibu! Nikamweleza habari za miti, za Ndune, za Mwikali, naye akanieleza za marehemu baba yake, mpaka giza linaingia. Ningeweza kumfuata dukani, ndiyo, lakini dukani nilikuwa mteja, nasimama kwenye foleni nyuma ya mtu wa mafuta ya taa. Kwenye jiwe nilikuwa rafiki.

Halafu Salim akaumia bega. Alikuwa anashusha magunia ya sukari, moja likamteleza akalidaka vibaya, na toka hapo mkono wa kulia ukakataa kwenda nyuma. Sasa lile bomba unaliweka juu ya mgongo, chini ya shingo, unalishika kwa mikono miwili nyuma hivi, halafu unachuchumaa na kuinuka. Mikono isipoweza kurudi nyuma hulishiki. Alijaribu siku moja, nikaona uso wake umekuwa wa kijivu, akaliacha likaanguka, debe moja likapasuka upande. Simiti akapiga kelele, "Wewe Salim, umezeeka, rudi nyumbani ukapime unga!" Ilikuwa mzaha tu, lakini Salim hakucheka. Alikuja akachukua shati lake mkononi mwangu akasema, "Bega limekataa, fundi. Likikataa na mimi naacha. Nyumbani pia kuna kazi." Akaenda.

Kesho yake hakuja. Na keshokutwa. Niliketi kwenye jiwe na mashati ya watu mapajani, na nilielewa kwamba kama Salim hatarudi uwanjani mimi nitakuwa nimerudi kwenye ule ukuta, kwenye "nani hajashiba". Ndiyo nikamkumbuka Ndune. (Niliwaambia ataingia.)

Nilienda dukani nikangoja foleni iishe, nikamwambia, "Salim, bega lako si zee. Lile bomba ndilo jinga." Akaniangalia kama nimelewa. Nikamwonyesha kwa mikono: nachonga nira, nira ya mtu, inakaa juu ya mabega yote mawili, ina mfereji nyuma ya shingo bomba lilale ndani yake, na mbele inatoa pembe mbili zinashuka kifuani, unazishika hapa mbele, viwiko chini, kama mtu aliyembeba mtoto mabegani akimshika miguu. Mkono hauendi nyuma kabisa. Na uzito haukai juu ya ule mfupa wa shingo unaouma, unatawanyika juu ya nyama. Salim akainua mikono yake mbele, akashika hewa pale nilipoonyesha pembe, akachuchumaa polepole nyuma ya kaunta mpaka nikaona kofia tu. Kofia ikapanda tena. "Ebu ingia ndani," akasema.

Sasa nira lazima ipimwe, na bega la mtu si kitu cha kupima kwa kamba. Udongo hatukuwa nao. Lakini mke wake, Bi Rukia, alikuwa amekanda unga wa mahamri, beseni zima, umefunikwa kitambaa ukingoja kuumuka. Salim akavua shati, akalala kifudifudi kwenye benchi, nami nikaanza kumpaka ule unga kwenye mabega na shingo, nabonyeza kwa vidole kama baba, nikitafuta mfupa uko wapi na nyama iko wapi. Bi Rukia akatoka jikoni.

"Ala! Salim! Unga wangu mwaufanyia nini?"

"Napimwa, mama watoto."

"Wapimwa nini, jeneza? Na wewe fundi, mtu mzima, wamwacha mume wangu awe andazi!"

Alisema hivyo lakini alicheka mpaka akashika ukuta, na watoto wakaja wakacheka, na ule unga ukaanza kuumuka juu ya mgongo wa Salim kwa joto lake, nikawa napiga kelele, "Usipumue, unaharibu kipimo!" Usiku ule hawakuniacha niende. Nilikula nao, mahamri (ya beseni jingine, msiwe na wasiwasi) na mbaazi za nazi, mkekani, na Bi Rukia akaniuliza, "Umeshiba, shemeji?" Nikasema nimeshiba. Na ilikuwa kweli.

Niliichonga ile nira jioni baada ya kazi, mti wa mjakaranda, kwa sababu ni mwepesi na mpole, haukwaruzi ngozi. Niliuzika kwenye vumbi la mbao ukauke taratibu usipasuke, nikautoa, nikachonga tena, nikaulainisha kwa msasa mpaka ungeweza kuuwekea shavu ukalala. Tukaujaribu nyuma ya duka, Salim akabeba bomba lenye vigunia vidogo vya chumvi. Alichuchumaa, akainuka. Akafunga macho. "Fundi," akasema, "kama mkono wa mama." Haikumuuma. Basi kama ningekuwa na akili hadithi ingeishia hapo, Salim anarudi uwanjani, mimi kwenye jiwe langu, tunazeeka wote wawili.

Lakini ukumbi wa mtaa ulikuwa umejengewa choo kipya, na diwani alikuwa anakuja Jumapili alasiri kukifungua, na Simiti akaambiwa watu wa vyuma waonyeshe nguvu zao mbele ya mgeni. Salim akasema siku hiyo ndiyo atarudi, mbele ya watu, ili Simiti afunge mdomo. Nami nikaitazama ile nira. Ilikuwa nyeupe. Mjakaranda ni mweupe kama mhogo. Sasa nyinyi si wachongaji, hamjui, lakini sisi tulilelewa hivi: kitu cheupe hakijaisha. Mzungu hanunui twiga mweupe, anataka mpingo, na mpingo uko wapi? Basi unachukua mti mweupe unaupaka polishi nyeusi ya viatu, unasugua, na twiga anakuwa mpingo. Mkono wangu ulishafanya hivyo mara zisizo na hesabu. Kupeleka kitu cheupe mbele ya diwani, kwangu, ilikuwa ni kama kwenda kanisani na suruali ya ndani.

"Iache hivyo hivyo," Salim aliniambia. "Yapendeza."

"Mambo ya duka ni yako," nikamjibu, "mambo ya mti niachie."

Huo ndio uamuzi wangu mdogo ulioniponza. Polishi ina adabu yake, unapaka nyembamba, unaacha, unasugua kwa brashi mpaka ukigusa kiganja kitoke safi, kesho unarudia. Mimi niliipaka Jumapili asubuhi kabla ya kanisa, mkebe mzima, nene kama siagi, nikasugua kidogo kwa sababu kengele ilikuwa imelia, na iking'aa kivulini niliona kazi imekwisha. Nikaifunga kwenye gunia. Mikono yangu ilikuwa nyeusi, lakini mikono ya mchongaji ni myeusi siku zote, haimshtui mwenyewe.

Alasiri jua lilikuwa kali la kupasua kichwa. Watu walijaa, kina mama na vitenge vyao, kwaya moja yenye mashati meupe, watoto juu ya ukuta, na mlango wa choo umefungwa utepe mwekundu. Mimi nilikuwa kwenye jiwe langu, mashati yote mapajani, na la Salim juu kabisa, jeupe, Bi Rukia amelipiga pasi mpaka lingesimama lenyewe. Simiti na wenzake wakanyanyua, watu wakapiga makofi. Halafu Salim akatokea na fulana nyeupe, nami nikaifungua nira kwenye gunia. Simiti akaiona.

"Hii ni nini, jembe ama ni kiti cha choo kipya?"

Watu wakaangua kicheko. Sikujali. Nikalaza nira juu ya vibao viwili, nikalipachika bomba kwenye mfereji wake, na lile bomba lilikuwa limeshinda juani toka saa nne, moto kama chuma cha pasi. Mmoja akaleta taulo, maana desturi ilikuwa kuweka taulo shingoni ili bomba lisichubue. Nikamrudisha. Nikasema kwa sauti, ili Simiti asikie, "Ondoa kitambaa. Hii haitaki kitambaa." Ona vile mtu anajichimbia shimo.

Salim akaingia chini yake, akashika pembe, akainuka. Na nawaambia, ilikuwa kazi nzuri. Alishuka mpaka chini, akapanda, akashuka, uso mtulivu, bega lile bovu limelala kimya. Nilikuwa nimerudi kwenye jiwe na mashati ya watu, nataka kulia. Watu wakapiga vigelegele, hata Simiti alikuwa ameacha mdomo wazi. Salim akashusha, akageuka kunitafuta kwa macho.

Diwani alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi, rangi ya maziwa. Akasimama akaja mpaka kwenye nira, akaanza kuipapasa kila mahali kama mtu anayechagua mbuzi sokoni Kiamaiko. "Hii ni akili," akasema. "Hii ni akili ya Mwafrika!" Akampa Salim mkono, wakashikana kwa nguvu. Akataka apigwe picha nayo shingoni, tupu, bila bomba wala madebe. Wakamvisha. Mpiga picha aliinua kamera, akaishusha, akamtazama, akainua tena akapiga. Nina hakika aliona. Diwani akavuliwa nira, jua kali, akatoa jasho, akajifuta kipaji kwa kiganja, halafu mashavu, halafu chini ya pua, taratibu, kama mtu anayejipaka mafuta. Akasimama mbele ya utepe kuhutubia akiwa na sharubu ambazo hakuja nazo.

Kicheko kilianzia kwa watoto ukutani. Kikashuka kwa kina mama. Diwani akafurahi.

"Chekeni!" akasema. "Furahini, wananchi! Choo hiki ni chenu!"

Basi hapo ndipo uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Watu walishikana, na kila aliyempa mwenzake mkono alikuwa ameshamshika Salim au amegusa nira, maana wote walikuwa wameipapasa baada ya diwani, na sasa rangi nyeusi ilikuwa inatembea, iko kwenye mashavu, iko kwenye mashati ya kwaya, iko kwenye pua ya mtoto. Salim aligeuka, nikaona shingo yake na fulana yake, nyeusi tupu kutoka bega hadi bega, kama ng'ombe aliyepigwa chapa. Halafu mama mmoja akaitazama mikono yake akapiga ukemi.

"Uuuwi! Haitoki! Ni kamuti hiyo! Ni dawa ya Wakamba, msigusane!"

Kamuti ni dawa za uchawi ambazo watu wa Nairobi wanaamini kila Mkamba anazo mfukoni. Mimi mtu wa kanisa, nimetoka kuimba asubuhi! Lakini neno likisharuka hulishiki. Waliokuwa wanacheka wakaanza kurudi nyuma, viti vikaanguka, mtu akakanyaga utepe ukakatika wenyewe, choo kikawa kimefunguliwa bila mkasi. Diwani akatazama viganja vyake. Akatazama kifua cha suti yake. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya nyumbani kabisa, "Nani alitengeneza hiki kitu?"

Simiti, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, alinyoosha kidole. "Ni yule."

Wote wakageuka, na mimi niko kwenye jiwe, nimekumbatia mashati. Nilitaka kusema ni polishi. Neno moja tu, polishi, hata mtoto angeelewa. Lakini nilifungua mdomo nikawa kama baba yangu. Kisha watu wa mbele wakashusha macho yao kutoka usoni kwangu mpaka mapajani, nami nikashusha yangu, nikaona. Kwenye lile shati la juu, jeupe, lililopigwa pasi na mwanamke aliyeniita shemeji, vidole vyangu vyote vilikuwa vimejichora, wazi kabisa, kama nimelisaini. Nikaliinua. Na la chini yake. Na la chini yake. Hakuna shati hata moja ambalo sikuwa nimelishika vizuri.

"Ametuloga mpaka mashati!" akapiga kelele mtu, na sijui kama alikuwa anacheka au analia, kelele zilikuwa zimechanganyika.

Salim peke yake hakuwa anaangalia rangi. Alikuwa katikati ya uwanja, mweusi shingo nzima, anazungusha lile bega, mbele, nyuma kidogo, anacheka na meno yake yaliyoachana, na nilidhani ananicheka mimi. Leo najua siyo. Mtu anayekucheka anaangalia watu wengine, na yeye alikuwa anatazama upande wangu tu. Lakini haya ni mambo ambayo unayaona baada ya miaka, ukiwa na muda.

Mtasema, si ungerudi kesho yake, uombe radhi, ufue mashati, watu wangecheka wiki moja wakasahau? Ndiyo. Hata twiga waliniambia hivyo. Lakini mtu mpweke anaogopa kuchekwa kuliko anavyoogopa kukaa peke yake, kwa sababu upweke anaujua mpaka pembe zake. Nilihama Mbotela kabla mwezi haujaisha, nikaenda kukaa mbali, sukari nikanunua kwa watu ambao hawakujua jina langu. Na toka siku ile sijapaka kitu polishi. Nikichonga mti mweupe unabaki mweupe, mteja akitaka achukue, asipotaka abaki na macho yake. Hicho ndicho nilichojifunza, na mnaona chenyewe kilivyo kidogo kwa bei niliyolipa.

Lakini siku ile nilisimama kutoka kwenye jiwe. Niliyakunja mashati moja moja, kama siku zote, vifungo juu, nikayapanga pale nilipokuwa nimeketi, na la Salim nikaliweka mwisho, nikaligeuza ili alama za vidole ziangalie chini. Hakuna aliyenigusa, walinipisha njia pana. Nilipofika kwenye choo nilisikia sauti yake nyuma yangu, juu ya kelele zote, "Fundi! Fundi, wee! Wapi waenda? Hainiumi! Njoo uone, hainiumi kabisa!"

Nilipita juu ya ule utepe, nikatoka kwa lango la nyuma, nikashika Jogoo Road, na uwanjani pale sikurudi tena.